Picha sita kutoka Stillwater: kisa cha Johnny Bright, 1951

Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 1951, katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, mchezaji mmoja mweusi alivunjwa taya uwanjani huku mpira ukiwa hauko hata karibu naye. Mechi ilikuwa bado mbichi, dakika saba tu. Kesho yake asubuhi picha za kipigo hicho zilikuwa gazetini zimepangwa moja baada ya nyingine, zikionyesha aliyepiga, alivyopiga, na mpira ulikuwa wapi alipokuwa akipiga. Mwaka uliofuata picha hizo zilipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Aliyepiga hakuadhibiwa na chuo chake wala na ligi.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ubaguzi wa rangi, na ndivyo kilivyo. Lakini nataka nikiangalie na upande wa pili, ule wa utaratibu: nani alikuwa na uwezo wa kuchukua hatua, na kwa nini hakuichukua. Kila dhuluma inapotokea michezoni huwa tunalalamikia ushahidi. Refa hakuona, kamera haikuwepo, shahidi kakana. Hapa ushahidi ulijaa hadi pomoni, na bado haukumfikisha mtu popote.

Kwa aliyezoea soka letu, nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa majaribio. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, na kila jaribio huanza mpira ukiwa chini, umetulia. Mtu mmoja anaurudisha nyuma, na anayeupokea ama anakimbia nao, ama anaurusha, ama anamkabidhi mwenzake. Kumvaa mwenye mpira na kumwangusha ni halali, ndio mchezo wenyewe. Kumtwanga mtu kiwiko cha uso ni rafu kama ilivyo kwetu, ila kwao rafu nyingi hulipwa kwa yadi: mwamuzi anapima hatua kadhaa, anausogeza mpira, mechi inaendelea. Hesabu hiyo ya yadi ni muhimu kuliko inavyoonekana, na tutaifikia.

Sasa wahusika. Drake ni chuo kikuu cha binafsi mjini Des Moines, Iowa, kwenye nchi tambarare ya mahindi. Si chuo kikubwa. Kwa vyuo vya namna hiyo, Jumamosi za futiboli wakati wa kupukutika majani ndizo siku ambazo jina la chuo linatajwa nje ya mji wake. Vina hata desturi ya Siku ya Marejeo, ambapo wahitimu wa miaka yote huitwa warudi chuoni kwa mechi moja ya nyumbani, na mji mzima unakuwa wa sherehe kuanzia Ijumaa. Chuo Kikuu cha Missouri hujinasibu kwamba ndicho kilichoianzisha mwaka 1911, ingawa wapo wanaopinga dai hilo. Wahitimu wanaorudi ndio wanaochangia majengo na ufadhili wa masomo, kwa hiyo timu inayoshinda si suala la furaha peke yake. Kwa chuo kidogo ni suala la riziki.

Na Drake ya mwaka ule ilikuwa inashinda. Ilikwenda Stillwater ikiwa haijafungwa msimu huo, na sababu kubwa ilikuwa kijana mmoja, Johnny Bright. Alizaliwa Fort Wayne, Indiana, mwaka 1930, na Drake ilimpokea kwa ufadhili wa riadha. Futiboli ilikuja juu yake kama nyongeza, pamoja na mpira wa kikapu. Mwaka 1949, akiwa mwaka wa pili tu, aliongoza nchi nzima kwa jumla ya yadi za kukimbia na kurusha. Mwaka 1950 akaongoza tena, safari hii kwa yadi 2,400. Katika mfumo wa uchezaji wa Drake karibu kila mpira ulipitia mikononi mwake kwanza, kisha yeye ndiye anaamua auchukue, aurushe au autoe. Mwisho wa msimu wa 1951 ilihesabiwa kwamba asilimia 70 ya yadi zote za Drake na asilimia 70 ya pointi zake zilikuwa kazi ya mtu huyo mmoja, na hapo alikuwa amekosa sehemu kubwa ya mechi tatu za mwisho kwa sababu ya taya.

Kwa lugha nyepesi: ukimtoa Bright, umeitoa Drake.

Wenyeji walikuwa Oklahoma A&M, chuo cha serikali cha kilimo na ufundi, ambacho tangu 1957 kinaitwa Oklahoma State. Vyuo hivi viwili vilikuwa ligi moja, Missouri Valley, pamoja na vingine kama Tulsa, Houston, Wichita na Bradley. A&M ilikuwa imeanza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1949, miaka miwili kabla. Kupokewa ni jambo moja, na kuketi na wenzako ni jingine. Katika jimbo hilohilo, kwenye Chuo Kikuu cha Oklahoma mjini Norman, mwalimu mweusi George McLaurin alipokubaliwa kusomea shahada ya juu aliwekewa kiti chake kwenye chumba cha pembeni ya darasa, meza yake ya peke yake maktabani, na wakati wake wa kula. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyoamuru ukomo wa mambo hayo, Juni 1950. Mechi ya Stillwater ilichezwa miezi kumi na sita baadaye. Na timu ya wageni iliyoingia Lewis Field, uwanja wa wenyeji, siku hiyo ilibebwa na nyota mweusi anayejulikana nchi nzima.

Kwamba Bright angeshughulikiwa halikuwa jambo la siri. Gazeti la wanafunzi wa A&M, Daily O'Collegian, liliandika kwamba anawindwa, na gazeti la mjini likaandika hivyohivyo. Wanafunzi walikuwa wakisema waziwazi kwamba mechi itaisha bila yeye kuwamo. Uvumi ulivuma hadi ukawafikia wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, nao wakatega kamera zao wakiwa na jina la Bright kichwani. Hawakupanga kukaa mechi nzima. Filamu ilitakiwa irudi Des Moines na kusafishwa mapema ili iwahi toleo la Jumapili, kwa hiyo walikuwa na robo ya kwanza tu ya mchezo. Ultang mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba walibahatika. Kama waliokusudia kumuumiza Bright wangevuta subira hadi baada ya mapumziko, huenda leo tusingekuwa na kisa cha kuchambua.

Hawakuvuta subira. Katika dakika zile saba Bright aliangushwa na kupoteza fahamu mara tatu, zote kwa vipigo vya mtu mmoja, Wilbanks Smith, mlinzi wa mstari wa mbele wa A&M.

Picha zilizopata tuzo ni sita. Inafaa kuzipitia polepole, kwa sababu ubishi wote unaishia humo. Mwanzoni Bright ana mpira. Kisha anaukabidhi kwa mwenzake, Gene Macomber, na Macomber anaondoka nao. Kuanzia hapo macho ya uwanja mzima yanamfuata Macomber, wachezaji wanakimbilia alikokimbilia, na Bright anabaki nyuma amesimama, mikono mitupu, kama mtu aliyemaliza zamu. Kofia yake haina kizuizi cha uso. Tangu paji hadi kidevu ni wazi, kama ilivyokuwa kwa wachezaji wengi enzi zile. Smith hamfuati Macomber. Anamjia Bright moja kwa moja, na mkono uliokunjwa unatua kwenye taya. Kinachozifanya picha hizi ziwe nzito si ukali wa kipigo, maana kwenye mchezo ule watu hugongana kwa nguvu kila dakika. Ni umbali. Mpira uko kwingine, mchezo uko kwingine, na watu wawili wamebaki pembeni, mmoja akiwa na lengo na mwingine akiwa hana habari.

Pamoja na hayo yote Bright hakutoka mara moja. Alirusha pasi ya yadi 61 ikamfikia Jim Pilkington, ikazaa pointi. Halafu maumivu yakamshinda akatolewa. Alimaliza siku na yadi 75, 61 za pasi hiyo na 14 za kukimbia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yake mitatu ya kucheza Drake kumaliza mechi chini ya yadi 100. A&M ilishinda 27 kwa 14.

Hapo ndipo hadithi nyingi zinapohamia kwenye hasira. Mimi naomba tukae kwanza na swali la mamlaka, maana kulikuwa na milango mitatu ya kupata haki, na kila mmoja ulifungwa kwa namna yake.

Mlango wa kwanza ni waamuzi wa siku ile. Hawakutoa adhabu. Unaweza kuwaonea huruma kidogo: mwamuzi hufuata mpira, na kipigo kilitokea nyuma ya mgongo wa mchezo. Lakini mtu yuleyule kumlaza yuleyule mara tatu ndani ya dakika saba, tena baada ya wiki nzima ya uvumi! Huruma yangu inaishia kwenye mara ya pili.

Hata hivyo, tuseme wangeona na wangepuliza filimbi. Wangetoa nini? Kwa kanuni za vyuo za mwaka 1951, kumpiga mpinzani kwa kiwiko au mkono uliokunjwa kulilipwa kwa yadi 15. Yadi kumi na tano! Weka kwenye mizani: upande huu yadi 15, upande ule mtu anayebeba sehemu kubwa ya mashambulizi yote ya mpinzani ambaye hajafungwa msimu mzima. Kocha yeyote anayejua kujumlisha angeona kwamba kwa bei hiyo Bright anapatikana kwa mnada. Sisemi kwamba kocha wa A&M, J. B. Whitworth, alitoa amri. Nasema kanuni zilikuwa zimekwisha kupanga bei, na bei ilikuwa ya kutupa. Hata mchezaji asiye na chembe ya chuki ya rangi angeshawishika. Sasa mpe kanuni hiyo mtu anayecheza mbele ya mashabiki ambao tangu Jumatatu wanasema Mweusi yule hatamaliza mechi.

Mlango wa pili ni chuo chenyewe. Chuo ndicho kilichokuwa na mamlaka ya karibu kabisa juu ya mwanafunzi wake, na picha zilipotoka hakikuweza kusema hakijui. Hakikumwadhibu. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini isingekuwa rahisi kumsimamisha mchezaji mmoja, mechi mbili tatu, yaishe. Nadhani jibu limo kwenye uvumi wa wiki ile. Kumwadhibu Smith kungekuwa kukiri kwamba kipigo kilikuwa cha makusudi, na kukiri hilo kungefungua swali la pili: nani mwingine alijua? Gazeti la wanafunzi wa chuo hichohicho lilijua. Chuo kilichoanza kufukua hapo kingejikuta kinafukua msingi wa nyumba yake.

Mlango wa tatu ni ligi, na huu ndio unaonishughulisha zaidi. Ligi ya vyuo vya Marekani si chombo kilichosimama juu ya vyuo. Ni vyuo vyenyewe, vimekaa pamoja mezani. Waliotakiwa kuihukumu A&M walikuwa majirani zake, wanaopanga nao ratiba, wanaogawana nao mapato ya milangoni, na baadhi yao walitoka maeneo yenye sheria za ubaguzi kama Oklahoma yenyewe. Missouri Valley haikumchukulia Smith hatua yoyote. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa sana. Tumeona kamati za nidhamu ambazo kila mjumbe ana klabu yake moyoni, na tumeona mambo ambayo uwanja mzima umeyaona lakini ripoti ya refa na ya kamisaa wa mchezo haikuyataja, basi yakawa kama hayakutokea. Tofauti ya Stillwater ni kwamba hata kisingizio cha ripoti hakikuwepo. Picha zilikuwa mezani. Jarida la Life, lililosomwa nchi nzima, lilizichapisha mwezi uliofuata.

Kwa watu wa Iowa maumivu haya yalikuwa na kumbukumbu ndani yake. Mwaka 1923 Jack Trice, mchezaji wa kwanza mweusi wa chuo cha Iowa State kilichopo Ames, mwendo mfupi kaskazini mwa Des Moines, aliumia kwenye mechi dhidi ya Minnesota mjini Minneapolis tarehe 6 Oktoba. Tarehe 8 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alikanyagwa makusudi au ilikuwa ajali ya mchezo? Hakukuwa na picha ya kujibu, na swali hilo linabishaniwa mpaka leo. Uwanja wa chuo chake unabeba jina lake tangu 1997.

Ukiviweka visa hivi viwili sambamba unapata jambo la ajabu. Cha 1923 hakikuwa na ushahidi, hakuna aliyeadhibiwa. Cha 1951 kilikuwa na ushahidi wa kila pembe, hakuna aliyeadhibiwa. Kama tatizo lingekuwa ushahidi, matokeo yangetofautiana.

Drake ilipoona kwamba si A&M wala ligi itakayonyanyua kidole, ilifanya lililokuwa limebaki mikononi mwake. Ilijitoa kwenye ligi. Kwa maneno ni sentensi moja, lakini kwa chuo kidogo ni gharama ya kweli. Kujitoa ni kuacha ratiba iliyohakikishwa, kuacha kugombea ubingwa, kuanza kutafuta wapinzani mmoja mmoja kama timu ya mchangani inayotafuta mechi ya kirafiki. Wale wahitimu wanaorudi kila mwaka wakitaka kuona chuo chao kinapigania kombe, wangerudi kuona nini? Drake ilikubali hasara hiyo. Na haikuwa peke yake: Bradley, chuo cha Peoria, Illinois, ambacho hakikuwa na mchezaji aliyeumizwa wala dai lolote la kwake katika mechi ile, nacho kikajitoa ili kusimama pamoja na Drake.

Bradley hutajwa kwa nusu sentensi kwenye simulizi nyingi, nami naona wanaonewa. Aliyepigwa akilia ni kawaida. Jirani akifunga duka lake kwa ajili yako, hilo si la kila siku. Ilirudi kwenye ligi mwaka 1955 kwa michezo mingine, lakini futiboli ya Missouri Valley haikuicheza tena. Drake ilirudi 1956, nayo bila futiboli. Kwenye futiboli ilisubiri hadi 1971, miaka ishirini. A&M ilihama ligi hiyo muda mfupi baada ya Drake kurejea, ikajiunga na ligi kubwa zaidi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mambo yalisimama hivi: aliyepigwa yuko nje, mpigaji yuko ndani.

Je, kujitoa kulisaidia? Kama lengo lilikuwa kumwadhibu Smith, hapana. Lakini mwaka 1952 kanuni za futiboli za vyuo zilibadilishwa. Kumpiga mpinzani kwa kiwiko, kwa mkono uliokunjwa au kwa mikono iliyofungamanishwa hakukuwa tena kosa la yadi 15. Mpigaji anatolewa uwanjani, lazima, mwamuzi hana hiari. Vizuizi vya uso navyo vilizidi kuenea kwenye kofia za wachezaji. Ile hesabu ya mnada niliyoieleza ikavunjika: kuanzia hapo, ukimtoa nyota wa wenzako unamtoa na wako.

Mtu mwenye shingo ngumu atasema hiyo ndiyo haki, mfumo ulijirekebisha. Sikubaliani naye moja kwa moja. Kubadilisha kanuni ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa wakubwa, kwa sababu kanuni mpya haimtaji mtu. Inazungumzia kesho. Anayeipitisha hahitaji kutamka kwamba jana kulikuwa na mkosaji, wala kwamba Bright alikuwa mweusi. Ubaguzi unageuzwa kuwa suala la viwiko. Kanuni ilikuwa nzuri, na iliokoa taya nyingi. Ila ilipitishwa bila mtu yeyote kujibu swali lililoulizwa Stillwater.

Na Bright? Mtu akivunjwa taya kwenye mwaka wake wa mwisho wa chuo unaweza kudhani habari yake imeishia hapo. Alimaliza nafasi ya tano kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo mwaka huo ilikwenda kwa Dick Kazmaier wa Princeton. Mwaka 1952 Philadelphia Eagles, timu ya ligi ya kulipwa ya Marekani, walimteua kwanza kabla ya mchezaji mwingine yeyote wa usajili wao. Hakwenda. Angekuwa mchezaji wao wa kwanza mweusi, na alieleza baadaye kwamba ligi ya kulipwa wakati ule ilikuwa ikijaa wachezaji kutoka Kusini, naye hakujua angetendewaje. Baada ya Stillwater, nani angemlaumu kwa kupiga hesabu hiyo? Akaenda Kanada, Calgary kwanza, kisha Edmonton kuanzia 1954. Huko alibeba Kombe la Grey, kombe la ubingwa wa futiboli ya Kanada, mara tatu mfululizo, 1954, 1955 na 1956. Mwaka 1959 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kutangazwa mchezaji bora wa ligi ya Kanada. Alistaafu 1964 akiwa na yadi 10,909 za kukimbia, ambazo hakuna aliyekuwa amezifikia katika ligi hiyo.

Wakati anacheza alikuwa akifundisha shule, kwa sababu shahada yake ya Drake ilikuwa ya ualimu. Alichukua uraia wa Kanada mwaka 1962, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu mjini Edmonton. Alifariki Desemba 1983, moyo ulimsimama akiwa kwenye upasuaji wa goti. Umri wake ulikuwa miaka 53. Shule yenye jina lake ilifunguliwa Edmonton mwaka 2010, na eneo la kuchezea la uwanja wa Drake lina jina lake tangu 2006.

Linabaki swali la nia. Smith, hata uzeeni, alikana kwamba rangi ilihusika. Bright alipohojiwa na gazeti la Register mwaka 1980 alisema hakuna namna ambayo rangi ingeweza kukosekana katika jambo lile. Katika mahojiano hayohayo alisema pia kwamba taya lake lilisaidia kusafisha michezo ya vyuo, na alisema hivyo kwa majivuno kidogo, ya mtu anayejua amelipia maneno yake.

Mimi naona ubishi wa nia ya Smith umepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Hakuna picha inayoingia moyoni mwa mtu. Lakini maamuzi yaliyofuata hayakufanywa na Smith. Waliokaa vikao, wakaziangalia zile picha sita, wakaamua kwamba hakuna la kufanya, walikuwa watu wazima wenye vyeo, na walikuwa na wiki na miezi ya kufikiri. Kijana wa uwanjani anaweza kujitetea kwa damu kuchemka. Kikao hakina damu ya kuchemka.

Tarehe 28 Septemba 2005 rais wa chuo cha Oklahoma State, David Schmidly, alimwandikia rais wa chuo cha Drake barua ya kuomba radhi rasmi, akilitaja tukio lile kuwa ni doa kwa chuo chake na kwa futiboli ya vyuo kwa jumla. Ilikuwa imepita karibu miaka 54, na Bright alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka ishirini. Barua ilipokelewa. Ligi ya Missouri Valley haikuwa na la kufanya tena, maana kwa wakati ule Oklahoma State ilikuwa imeshahama kitambo, na iliyokuwa bado mwanachama ni Drake.